Elisabeth ya Takarazuka: Kifo aigizwe vipi, na nitazame toleo lipi baada ya lile la 2014?

Mwanamtama:

Wakuu, salaam. Swali langu ni kwa wanaoifahamu vizuri Elisabeth, mchezo wa nyimbo kuhusu malkia wa Austria anayependwa na Kifo, kama unavyochezwa na Takarazuka, kampuni ya Japani ambayo waigizaji wake wote ni wanawake.

Toleo la Vienna la 1992 nalijua wimbo kwa wimbo. Sasa nimetazama toleo la 2014 la Kundi la Maua, mojawapo ya makundi ya Takarazuka: Asumi Rio ni Kifo, Ranno Hana ni Elisabeth, Hokusho Kairi ni mumewe, mfalme Franz Joseph, Nozomi Futo ni Lucheni, muuaji anayesimulia. Limenigusa sana, ila kuna mambo yananitatiza.

Kwanza, Kifo wa Vienna ana hila, anacheka, anazungukazunguka. Huyu wa Asumi amesimama tu kama sanamu, na bado macho hayambanduki. Ndivyo inavyotakiwa, au ni mtindo wake mwenyewe?

Pili, nyimbo zile zile nazisikia zimepoa kidogo, hasa za Kifo, ingawa sauti zenyewe ni nzuri. Kwa nini?

Tatu, Franz Joseph naona kama hana kazi. Anaimba, anazeeka, basi. Wenzangu mnamtazamaje?

Na mwisho, nikitaka kulinganisha waigizaji, niendelee na toleo lipi? Yapo mengi, nisingependa kuokota ovyo.

Ngazi26:

Karibu, Mwanamtama. Nianze na la Kifo, kwa sababu likieleweka hilo, mengine yananyooka.

Takarazuka kila kundi lina nyota mkuu mmoja, naye lazima awe otokoyaku, yaani mwigizaji wa kike aliyebobea katika nafasi za kiume. Ndiye anayeshuka wa mwisho kwenye ngazi kuu akiwa amebeba manyoya mgongoni, na ndiye ambaye watu wamemlipia tiketi. Mchezo wa Vienna ulikuwa wa Elisabeth, Kifo akiingia na kutoka. Koike Shuichiro alipouandaa kwa Kundi la Theluji mwaka 1996, nyota wake mkuu alikuwa Ichiro Maki, na nyota mkuu hawezi kuwekwa pembeni ya hadithi. Basi hadithi ikahamishiwa kwa Kifo: ameangukia mapenzi ya binadamu, jambo lisilompasa, na sasa anangoja apendwe. Sylvester Levay akatunga wimbo mpya kwa kazi hiyo, Ai to Shi no Rondo, ambao Vienna ya 1992 haukuwepo kabisa.

Kwa hiyo huyu si Izraili aliyetumwa na amri mkononi. Roho ya Elisabeth anaweza kuichukua saa yoyote atakayo, lakini hataki kuichukua, anataka apewe. Uigizaji wote wa Kifo wa Takarazuka umesimama juu ya nguzo hiyo. Msichana anapoanguka kutoka kwenye kamba na kuletwa kuzimu, tazama mkono wa Kifo. Amemshika, anainama, angeweza kumaliza kazi pale pale. Mkono unasita. Kama mwigizaji amesita kwa mkono tu huku uso umetulia, ukumbi mzima unaelewa kwamba kuna kitu kimemtokea ambacho hata yeye hakijui jina. Akisita kwa uso pia, kwa kukunja nyusi na kuvuta pumzi, tayari amekuwa kijana wa kawaida aliyependa, na saa mbili zilizobaki hana pa kwenda.

Utulivu unaouona kwa Asumi si uvivu, ni akiba. Kifo ana mahali pamoja tu ambapo anapoteza utulivu wake kwelikweli, karibu kabisa na mwisho, pale anaposhindana kwa maneno na Franz Joseph, na mfalme mzee anamwambia usoni kwamba anachoogopa ni kukataliwa na Elisabeth. Kifo aliyekuwa akirukaruka tangu mwanzo hana kitu cha kupoteza pale. Aliyesimama kama jiwe, akitingishika kidogo tu, ukumbi unashtuka.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi liko kwenye Saigo no Dansu, ule wimbo wa arusini. Kifo ameachwa, bibi arusi amechagua mwingine, malaika weusi wanamzunguka. Mwigizaji anataka kulipuka tangu ubeti wa kwanza. Lakini wimbo umejengwa kama ngazi: unaanza kwa kejeli ya chinichini, unapanda, na kilele kiko kwenye marudio ya mwisho. Anayelipuka mapema anamalizia kwa kupiga kelele. Ichiro mwaka 1996 aliuanza kama mtu anayejiuma midomo, na ndiyo maana mwisho wake unatisha.

Jambo moja ambalo watazamaji wapya hawalijui: Kifo mara nyingi ameangukia kwa nyota anayeingia cheo au anayeaga. Ichiro aliaga Takarazuka na mchezo huu. Haruno Sumire (Maua, 2002), Mizu Natsuki (Theluji, 2007) na huyo Asumi wako walianza nao kama nyota wakuu kwenye ukumbi mkubwa. Ayaki Nao (Mwezi, 2005) alianza na kuaga kwa mchezo huo huo mmoja. Kuaga au kuanza kunaonekana jukwaani. Anayeaga huimba maneno ya kumngoja mpenzi kama mtu anayejua tarehe. Anayeanza hujitahidi zaidi, na Kifo hapaswi kuonekana akijitahidi. Kwa sababu hiyo naihesabu kazi ya Asumi kuwa kubwa: alikuwa ndiyo kwanza anaanza, na jitihada huioni.

SautiYaPili:

Mkuu Ngazi26 amemaliza upande wa mwili. Mimi nishike la sauti, maana Mwanamtama umesikia vizuri, nyimbo zimebadilika hali hata pale ambapo noti ni zile zile.

Sababu kubwa ni hii. Sehemu ya Kifo iliandikwa kwa mwanamume mwenye sauti ya juu, mtindo wa roki. Msisimko wake unatokana na mwanamume kufika kwenye ukingo wa sauti yake: unasikia koo linakaza, unaogopa itapasuka. Mwanamke akiimba noti hizo hizo, kwake ziko katikati ya sauti, mahali pa starehe. Hatari imepotea. Hicho ndicho unachokiita kupoa.

Takarazuka wanalitibu kwa kushusha ufunguo, ili sehemu ya chini ya wimbo iwe nzito na ya kifuani, ile sauti ambayo otokoyaku anaijenga kwa miaka. Lakini ukishusha ufunguo umepata uzito tu, mkazo bado. Mkazo inabidi utoke kwingine: kwenye mapigo, kwenye kukata neno kabla halijaisha, kwenye kuchelewa nusu pigo nyuma ya orkesta. Msikilize Haruno Sumire wa 2002 kwa makini. Anashikilia irabu, halafu anaiachia ghafla, na ule ukimya mfupi ndio unaokata.

Lugha nayo ina mkono wake. Kijerumani kina konsonanti za kuuma na silabi zinazofungwa. Kijapani, kama Kiswahili chetu, karibu kila silabi inaishia na irabu. Wimbo mkuu wa Elisabeth kwa Kijerumani mstari wake wa jina ni silabi tano: Ich ge-hör nur mir. Kwa Kijapani ni sita: wa-ta-shi-da-ke-ni. Silabi zote ziko wazi, na mwimbaji asipochagua ipi aikandamize, mstari unalala kama maji ya bwawani. Wengine wanasukuma silabi zote kwa nguvu sawa, na hapo wimbo wa binti wa miaka 16 aliyekataa kumilikiwa unakuwa zoezi la mapafu. Uanze karibu na kuongea. Atakayeanza kwa sauti kamili hana nafasi ya kupanda, na wimbo huu unadai upande mpaka ile noti ndefu ya mwisho.

Sasa chukua Yami ga Hirogaru, wimbo wa Kifo na Rudolf, mwana wa Elisabeth. Vienna ni wanaume wawili. Hapa ni wanawake wawili wanaoimba kiume, wote kifuani, sauti zao zikiwa zimekaribiana kuliko za wanaume wawili wa kawaida. Zikifanana rangi, husikii tena anayeshawishi na anayeshawishiwa, unasikia uji mmoja. Dawa ni Rudolf kuimba kwa sauti nyepesi ya mbele, karibu na meno, na Kifo kuirudisha yake nyuma ya koo, giza kidogo. Pia Kifo asishindane kwa ukubwa. Wimbo ni wa Rudolf kuzama, na anayezamishwa ndiye anayepiga kelele. Onyesho ambalo Kifo ana sauti kubwa kuliko Rudolf mwanzo hadi mwisho limekosea hapo, hata kama watu wamepiga makofi.

Kwa upande wa Elisabeth, fungu la kwanza linafungwa kwa sauti tatu: Franz anambembeleza, Kifo anamwita, naye anatokea na gauni jeupe na nyota kwenye nywele, kama alivyochorwa na Franz Xaver Winterhalter mwaka 1865. Hapo ndipo utajua kama kundi limepatana. Elisabeth anatakiwa awe juu ya wote wawili bila kulazimisha. Hanafusa Mari, aliyeigiza nafasi hiyo 1996 na tena 1998 na Kundi la Anga, anafika pale kama mtu anayefungua dirisha. Na 1998 alikuwa na Shizuki Asato kama Kifo, mwimbaji wa kweli. Kwa masikio peke yake, kwangu ndilo toleo la kwanza.

Pazia_Jekundu:

Ndugu zangu mmesema vizuri, lakini mmempita Franz Joseph, na Mwanamtama ameuliza. Kwa heshima zote, Franz ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote wanne.

Hesabu ndiyo hii. Alizaliwa Agosti 1830, akaoa Aprili 1854. Arusini ana miaka 23. Elisabeth anauawa Geneva tarehe 10 Septemba 1898, yeye ana miaka 68. Kifo hazeeki. Lucheni anasimulia akiwa tayari amekufa. Elisabeth anazeeka, lakini magauni, nywele na kofia vinamsaidia. Franz peke yake ndiye anayebeba miaka 44 na zaidi kwa mwili wake, akiwa mwanamke kijana aliyejaziwa mabega na kiuno kunyooshwa kwa vitambaa chini ya sare ya jeshi.

Kosa la kawaida ni kuzeeka kwa mgongo. Wanainama, wanatetemesha mkono, basi mzee amepatikana. Franz Joseph alikuwa askari. Mgongo wake haukupinda kwa urahisi. Mzee mzuri wa jukwaani anazeeka kwanza kwa mwendo: anageuka kwa mwili mzima badala ya shingo, anangoja kidogo kabla ya kujibu, visigino vinagusa chini kwa uzito zaidi. Sauti nayo inapunguziwa mtetemo na kunyooshwa. Wanaofanya hivyo taratibu, onyesho baada ya onyesho, utashtukia tu mtu amezeeka na hujui ilikuwa lini.

Mtihani wake ni Yoru no Booto, Elisabeth na Franz wakiwa wazee, wanaimba kwamba wao ni mashua mbili zinazopishana usiku. Nyimbo za mapenzi za Takarazuka huwa zinaishia kwa watu kuangaliana. Huu hautakiwi. Franz anamtazama mkewe, mkewe anatazama mbele. Tazama Hokusho kwenye toleo lako la 2014, mahali anapomwomba warudiane: anasogea hatua moja, anaisimamisha ya pili. Hiyo hatua iliyokatwa ndiyo ndoa yote ya hawa wawili. Rudi uitazame tena kabla hujasema hana kazi.

Na hapo uzingatie kilichobadilishwa. Vienna, Elisabeth anaambukizwa ugonjwa na mumewe. Takarazuka wameuondoa, anaonyeshwa picha ya mumewe akiwa na mwanamke mwingine. Wengine wanalalamika kwamba mchezo umelainishwa. Kwa Franz, naona mabadiliko yamemwongezea mzigo: sasa ni mtu aliyekosea mara moja na kulipia miaka thelathini, na mwigizaji lazima majuto hayo ayaonyeshe bila kuomba huruma. Wimbo wa chuki wa Vienna, wenye maandamano ya siasa, nao haumo. Badala yake wanamapinduzi wa Hungaria wamepewa nafasi kubwa, na Kifo ndiye anayewachochea. Rudolf anapata sababu ya kisiasa iliyo wazi zaidi ya kufikia kifo chake cha Mayerling, tarehe 30 Januari 1889. Hili nalipenda, ila linamnyima Rudolf muda. Anaingia akiwa mtu mzima kwenye fungu la pili, na ndani ya nyimbo chache lazima tumpende na tumzike.

Lucheni nitamgusa kidogo. Fungu la pili linafunguka naye akiwa upande wa watazamaji, akichuuza vitu vya ukumbusho na kusema ya papo kwa papo. Wasioielewa nafasi hii wanamfanya mchekeshaji. Huyu ndiye muuaji, mwenye tupa iliyonolewa. Nozomi anajua: anakuchekesha, kisha anaacha kucheka sekunde moja kabla yako. Todoroki Yu wa 1996 alikuwa mkali zaidi, mchafu zaidi, na wengi waliofuata wanapita kwenye njia aliyoichonga.

Mwanamtama:

Shukrani sana, wakuu. Pazia_Jekundu, nimerudia ile Yoru no Booto. Hatua ya pili kweli imekatwa, na mimi nilikuwa nasoma tu uso. Nakubali.

Sasa mnielekeze toleo la kufuata, na kama kuna tahadhari kuhusu diski. Niko Muscat, ndugu zangu wengine wako Mombasa na Toronto, tungependa kununua kwa pamoja.

Ngazi26:

La diski kwanza, maana hapo watu hupoteza pesa. DVD za Japani ni za kanda namba 2 (kanda ni eneo la dunia ambalo diski imefungiwa), na mfumo wa picha ni NTSC. Oman nayo ni kanda 2 kwa DVD, kwa hiyo mashine yako itazisoma mradi inakubali NTSC. Mombasa ni kanda 5, mashine ya kawaida ya dukani itazikataa; watafute inayosoma kanda zote. Toronto ni kanda 1, nako zitakataa. Kwa Blu-ray mambo yanageuka: za Japani ni kanda A, ambayo ndiyo ya Kanada, kwa hiyo Toronto watatazama bila taabu. Wewe Muscat na wenzako wa Mombasa mko kanda B. Usinunue Blu-ray kabla hujaangalia mashine yako. Na kwenye kompyuta, kisoma DVD kinaruhusu kubadilisha kanda mara tano tu, kisha kinajifunga kwenye ile ya mwisho. Usichezee.

Tafsiri chini ya picha hakuna, hata ya Kiingereza. Kwa kuwa maneno ya Vienna unayajua, utafuata vizuri isipokuwa sehemu tatu: wimbo wa Kifo wa mwanzo, mambo ya Hungaria, na Kifo anapomkataa Elisabeth kwenye jeneza la Rudolf. Hapo Vienna haikusaidii. Elisabeth anaomba achukuliwe, na Kifo anamwambia kwamba kifo si mahali pa kukimbilia. Anamkataa kwa sababu hajapendwa bado. Ukikosa hilo, mwisho wao wakipaa pamoja utaonekana umetoka hewani.

Mpangilio wangu kwa anayelinganisha uigizaji ni huu. Anza na Theluji 1996, Ichiro na Hanafusa, Takane Fubuki akiwa Franz. Picha ni ya zamani, vumilia. Kisha Theluji 2007, Mizu Natsuki, kwa sababu ni kinyume cha Asumi wako: Kifo mwenye ubaridi wa nyoka, anayetaka kuuma. Utaona utulivu hauna sura moja. Huyu ametulia kama kitu kinachovizia. Kisha Mwezi 2018, Tamaki Ryou na Manaki Reika, kwa ajili ya Elisabeth zaidi. Manaki alikuwa anaaga, na uzee wa Elisabeth wake umefanyiwa kazi kuliko wengi.

SautiYaPili:

Ongeza Mwezi 2005, tafadhali, hilo lisikose. Elisabeth ni Sena Jun, na Sena ni otokoyaku. Alikuwa Lucheni mwaka 2002, Elisabeth 2005, Kifo 2009: nafasi tatu kati ya zile kubwa, mtu mmoja. Mwaka 2005 unamsikia akipanda kwenye sauti ya kichwa ambayo mazoezi yake ya miaka yote yalikuwa ya kuikwepa. Haina ulaini wa Hanafusa. Lakini kwenye mistari ya chini ya Watashi Dake ni, mahali ambapo Elisabeth wengine wananong'ona kwa sababu sauti imewaishia, yeye ana ardhi ya kukanyaga, na kukataa kwake kunasikika kwamba ni kukataa kweli. Halafu weka 2009 mara baada yake, Saigo no Dansu, mtu yule yule upande wa pili. Mwanamtama, sikiliza anavyovuta pumzi kabla ya marudio ya mwisho katika nyimbo zote mbili. Kwa Elisabeth anaivuta juu, mabega yanainuka. Kwa Kifo mabega hayasogei kabisa.